Bangili Haina Adabu

Jirani yangu wa Nyamisangura, hapa Tarime, ambaye mtaa mzima ulimwita Mtakwimu, hakupenda kuulizwa habari za leo. Ukimsalimu hivyo, kama tunavyosalimiana sote bila kungojea jibu, alisimama, akavua miwani, akakwambia, "Sijapata zote." Wageni walicheka. Sisi tuliomzoea tulijua kwamba hatanii, na baadhi yetu tulianza kumpa shikamoo pekee ili tusicheleweshwe njiani.

Kazi yake ilikuwa kushuku, naye alilipwa kwa kazi hiyo kama mwingine anavyolipwa kwa kushona viatu. Watafiti wa tiba walipotaka kujua kama matibabu fulani yanafaa, walimletea namba zao, naye akazihoji. Alikuwa ameifanya kazi hiyo Mwanza kwa miaka mingi kabla ya kuja kujenga ua wake kando ya ua wangu. Niseme wazi kwamba mimi nilimshuku yeye. Mtu anayemshuku kila mtu ama ana sababu njema sana, ama ana jambo analolificha, na katika umri wangu nimekutana na wa pili mara nyingi kuliko wa kwanza.

Mwaka ambao shule ninayoiongoza ilifaulu kuliko ilivyowahi kufaulu, wazazi walinipigia simu za pongezi na padri akatutaja baada ya misa. Mtakwimu alikuja barazani kwangu, akanywa chai yote, kisha akauliza, "Nani alisimamia mtihani?"

"Walimu wa shule nyingine."

"Shule ipi?"

"Mzee, unataka kusema nini?"

"Sijasema, Mwalimu. Nimeuliza."

Sikumkaribisha chai kwa muda. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba matokeo yaliposhuka mwaka uliofuata, hakuuliza lolote. Nilipomkabili kwa upendeleo huo wa kinyume, alisema kwamba habari mbaya huja kwa miguu yake yenyewe, ilhali habari njema mara nyingi hubebwa, na ni haki kumtazama vizuri aliyeibeba. Nimelitafakari neno hilo mara nyingi tangu hapo, na ninakiri kwamba lina ukweli katika nchi ambayo taarifa huandikwa kwanza na kazi ikafuata baadaye. Hata hivyo, kusema kweli na kuwa mwema si jambo moja.

Alikuwa na msemo mwingine: namba ni shahidi, na shahidi huulizwa alikuwa amesimama wapi. Aliusema mezani, aliusema msibani, aliwahi kumwambia hata fundi aliyemletea vipimo vya paa. Fundi yule alirudi juu ya ngazi akapima upya, akinung'unika kwa Kikurya maneno ambayo sitayatafsiri.

Namna yake ya kuhoji niliishuhudia mara ya kwanza mnadani. Mchuuzi mmoja wa magadi ya kulambisha mifugo alikuwa akitangaza kwamba ng'ombe waliolamba magadi yake wamenenepa kuliko wenzao, na wafugaji waliokuwa karibu walitikisa vichwa kukubali. Mtakwimu aliomba atajiwe uzito wa kila ng'ombe kama ulivyopimwa kwenye mizani ya mnada. Akaokota visoda vilivyotupwa kando ya kibanda cha vinywaji, na ndani ya kila kisoda akaandika kwa mkaa uzito wa ng'ombe mmoja.

"Sasa sahau nani alilamba na nani hakulamba," akamwambia mchuuzi. "Tia vyote kwenye kofia yako. Changanya. Gawa mafungu mawili bila kutazama."

Mchuuzi alichanganya, akagawa. Fungu moja likawa zito kuliko jingine. Akaambiwa arudie; pakatokea tena fungu zito na fungu jepesi. Aliendelea hivyo hadi watu wakaanza kucheka, kwa maana visoda visivyojua magadi ni kitu gani vilitoa, mara kwa mara, tofauti kubwa kama ile aliyokuwa akiitangaza.

"Unaona?" Mtakwimu akasema. "Bahati peke yake, bila magadi yako, inaweza kunenepesha ng'ombe namna hii."

"Mzee, unaniharibia biashara."

"Biashara inayovunjwa na visoda ilikuwa imesimama juu ya nini?"

"Juu ya watoto wangu," mchuuzi akajibu, na safari hii kicheko kilikuwa chake.

Mtakwimu hakucheka. Alinunua bonge kubwa la magadi, akaondoka nalo kwapani. Nilimuuliza anampelekea nani, yeye asiye na ng'ombe hata mmoja. Alilihamishia kwapa la pili, akaongeza mwendo.

Kuanzia siku hiyo mnadani walimwita Mzee wa Kuchanganya. Nami nilielewa kwamba elimu yake yote, ambayo kompyuta yake iliifanya kwa kasi ambayo mikono haiwezi, ilisimama juu ya swali moja: kama tukifuta majina, tukachanganya waliotibiwa na wasiotibiwa, tukagawa upya bila kutazama, je, ni mara ngapi bahati itatuletea tofauti kama hii tunayoisherehekea? Ikiwa ni mara nyingi, basi tusisherehekee. Ni swali gumu kulipenda. Linamnyima mtu furaha yake wakati ule ule ameishika mkononi.

Lakini mtu huyo huyo, Jumapili kanisani, alisema Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, kwa sauti iliyomshinda katekista. Nilimuuliza inakuwaje. "Kule sikuombwa kupima," akasema. Na katika jiko lake palikuwa na sufuria ndogo nyeusi ya dawa ya mizizi, chungu kama shubiri, ambayo aliinywa kila asubuhi kwa ajili ya magoti yake, kwa kuwa marehemu mama yake alikuwa akimpa baba yake. Nilipomtaka anionyeshe ushahidi wa mizizi hiyo, alisema, "Hii sijaipima. Naogopa kuipima." Nilimhesabia jambo hilo kuwa unafiki. Bado sijaamua kama nilikosea.

Magoti ndiyo yaliyotuleta kwenye jambo ninalotaka kulisimulia.

Wafadhili wa mbali walitaka kujua, wakamwajiri Mtakwimu apime, kama mazoezi ya viungo yanawasaidia wanawake wazee ambao magoti yao yameliwa na kilimo. Genkuru ilichaguliwa kuwa mojawapo ya vijiji, na shangazi yangu, dada wa baba yangu, akawa miongoni mwa waliokubali. Kura ilipigwa. Nusu yao wangefanya mazoezi asubuhi uwanjani mwa kanisa pamoja na muuguzi aliyetoka Iringa, ambaye kijiji kizima kilimwita Sista ingawa hakuwa mtawa. Nusu ya pili wangengoja zamu yao. Wote walivalishwa bangili ya plastiki, mfano wa saa isiyo na uso, inayonasa kila mwendo wa mkono usiku na mchana. Zamani, Mtakwimu alinieleza, mtafiti alimuuliza mgonjwa, "Unatembea vizuri siku hizi?" na mgonjwa, kwa heshima aliyolelewa nayo, akajibu lile litakalomfurahisha mgeni.

"Bangili haina adabu," alisema. "Ndiyo maana naipenda."

Wengine hawakuipenda. Nyakunguru, kijiji kingine kilichochaguliwa, ambako watu wengi huishi kwa kuponda mawe ya dhahabu, na wengi wametoka mikoa ya mbali kufuata mawe hayo, uvumi ulienea kwamba bangili zinaonyesha mtu alikokwenda kuokota mawe bila kibali. Mtakwimu aliitwa mkutanoni. Mponda mawe mmoja, mtu wa Shinyanga kwa lafudhi yake, alisimama akasema kwamba hakuna mzungu atakayetoa saa ya bure kwa bibi wa mke wangu bila kutaka kujua bibi huyo analala wapi.

Mtakwimu alimtupia bangili moja. "Ivae wewe. Kesho nitakwambia ulivyolala. Ulikolala, hilo mke wako ndiye atakayekwambia."

Mkutano ulicheka hadi mwenyekiti akagonga meza. Mtu wa Shinyanga naye alicheka, lakini bangili aliirudisha.

Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilikuwa nimeona jambo jingine. Nilipopanda gari lake mara ya kwanza kwenda Genkuru kumwona shangazi, nilishangaa kwamba alipokaribia kanisa aliiacha barabara, akazunguka kwa njia mbovu ya mashamba ya mihogo, akatokea upande wa pili. Safari iliyofuata alifanya vivyo hivyo. Mtu wa Nasadiki kubwa namna ile akalikimbia kanisa siku za kazi! Niliwaza kwamba amegombana na padri, au kwamba kuna mwanamke. Nilimuuliza kwa ukali unaostahili umri wangu.

"Asubuhi hizi wanafanya mazoezi," akasema. "Nikipita pale nitaona ni nani yuko kundi lipi. Shangazi yako hunipa uji. Nikijua yuko wapi, mkono wangu utamwegemea."

"Kwani kwenye kompyuta yako hawana majina?"

"Wana alama tu. Aliyegawa makundi yuko Mwanza, na nimemkataza kuniambia."

Nimewafahamu watu wengi wanaofumba macho ili wasione wanachokitenda. Huyu alikuwa wa kwanza kuniambia kwamba anafumba ili atende haki, na ndiyo sababu sikumwamini upesi.

Shangazi sasa. Hapa ni lazima nieleze desturi ambayo mgeni huipokea kwa mshangao nasi tumekua nayo. Shangazi hakujaliwa mtoto wa kiume. Mwanamke wa Kikurya aliye katika hali hiyo anaweza kutoa mahari ya ng'ombe akaoa binti, ili binti huyo aizalie nyumba yake warithi. Tunaiita nyumba ntobhu. Shangazi alimwoa Robi, mwanamke mwenye mabega mapana na maneno machache. Watoto wa Robi ni wajukuu wa Shangazi. Jembe la Robi ni jembe la Shangazi. Ukiuliza nani amelima shamba lile, jibu halihitaji kufikiriwa: amelima Shangazi.

Baada ya wiki nyingi za mazoezi, Shangazi alikuwa akiinuka kigodani bila kushika ukuta. Nililiona kwa macho yangu. Alimsifu Sista kana kwamba ni binti yake, na neno lilikuwa limeanza kuzunguka kwamba, matokeo yakiwa mazuri, wafadhili watamwacha Sista abaki Genkuru na mazoezi yataendelea kwa wote. Yakiwa mabaya, ataondoka. Hilo ndilo lililokuwa likingojewa na wazee wale wanawake, wala halikuwa dogo. Mkulima asiyeweza kuinuka amekwisha kuzikwa nusu.

Jioni moja kabla ya chakula Mtakwimu aliingia uani kwangu bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwa amelifanya kamwe. Alitandaza mezani michoro kadhaa, kila mmoja mstari unaopanda na kushuka.

"Kundi moja limelishinda jingine sana," akasema. "Nimechanganya majina mpaka kompyuta ikapata joto. Bahati haiwezi kuleta tofauti hii."

"Basi ni habari njema."

Akanitazama. Nikakumbuka yeye hufanya nini na habari njema.

"Siku ya mtu ina umbo, Mwalimu. Wengi hujumlisha mwendo wa siku nzima wakapata namba moja, wakaridhika. Mimi huufuata mwendo saa baada ya saa. Mzee mwenye magoti mabovu huamka polepole, kama gari la zamani siku ya baridi. Hupanda kidogo, hupumzika adhuhuri, huinuka tena jioni. Tazama huyu. Alfajiri ni mzee. Halafu hapa, ghafla, mkono ni wa mtu mwenye nguvu, anapiga jembe bila kupumzika. Halafu hapa, mzee tena." Alivua miwani. "Katika bangili hii kuna watu wawili. Na si hii moja."

"Unamshuku nani?"

"Aliyezishika."

Alimaanisha Sista, ambaye ndiye aliyegawa bangili na kuzikusanya. Kesho yake alimwita, nami nikaketi pale kama shahidi, kwa ombi lake. Sista alisikiliza hadi mwisho, akakunja mikono.

"Mzee, yaani nimetoka Iringa, nikaacha watoto kwa mama yangu, nije huku kudanganya magoti?"

"Sijui umekuja kufanya nini. Nauliza bangili zilikuwa mkononi mwa nani."

"Mwa wenyewe."

"Uliziona usiku?"

"Wewe unaziona usiku kwenye hiyo mashine yako. Iulize."

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa hasira. Mtakwimu hakumwomba radhi, wala hakumfukuza. Alisema tutakwenda Genkuru kuanzia nyumba ya alama ile ya kwanza, na hapo ndipo alipoomba Mwanza wamfungulie jina. Likawa la shangazi yangu.

Tulimkuta Shangazi akichambua maharage kwenye kivuli cha ghala. Tulitoa shikamoo, akaitikia, akaagiza uji. Mkono wake ulikuwa mtupu. Kabla Mtakwimu hajafungua kinywa, Robi alitokea shambani na jembe begani, na bangili ilikuwa kwenye kiwiko chake, imesukumwa juu isilowe jasho.

"Mama," Mtakwimu akasema taratibu, "bangili hii tulikupa wewe."

"Mlinipa mimi. Mliniambia inapima kazi yangu."

"Ndiyo."

"Shamba hili la nani?"

"Lako, Mama."

"Mahindi haya nani ameyalima?"

Mtakwimu alilitazama jembe begani mwa Robi. Yeye ni mtu wa upande wa Serengeti, lakini desturi hiyo aliijua vizuri kama mimi.

"Nimeyalima mimi," Shangazi akasema, "kwa mikono ya mke wangu. Sasa asubuhi Sista ananiita kanisani tukaruke ruke na kunyoosha miguu. Ule ni mchezo. Mchezo mzuri, siukatai, lakini ni mchezo. Niende na bangili ikahesabu mchezo, shamba libaki bila kuhesabiwa? Ungesema nyumba yangu imelala."

"Na wenzako?"

"Mwenye mke amemwachia mke. Mwenye mkaza mwana amemwachia mkaza mwana. Tulikubaliana kule kanisani. Sista alikuwa anapanga mikeka."

Sista, aliyekuja nasi kutoka Tarime, aliketi chini akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyefutiwa mashtaka na kuhukumiwa kwa pamoja. Alikuwa amekwisha kuelewa. Waliokuwa kundi la kungoja walibaki nyumbani na bangili mikononi mwao wenyewe. Waliokwenda mazoezini ndio walioziacha mashambani, kwenye mikono ya wanawake vijana. Mazoezi yalikuwa yameshinda kwa jembe la Robi na wenzake.

Sote tulijua nyumba ntobhu ni nini. Sote tulijua mkaza mwana hulima kwa jina la nani. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri, alipokuwa akifunga bangili zile, kwamba katika nchi hii kazi haikai kwenye mkono ulioifanya.

Njiani kurudi nilimwambia Mtakwimu, "Lakini ulisema bahati haiwezi kuleta tofauti ile."

"Haiwezi. Haikuwa bahati. Ila si kila kisicho bahati ni dawa, Mwalimu."

"Shangazi anainuka. Nimemwona."

"Nami nimemwona. Magoti yana siku zake."

"Basi toa bangili zenye watu wawili, upime zilizobaki."

"Nikitoa leo zile ninazozishuku, baada ya kuona jibu, kesho nitatoa zile nisizozipenda. Na nitaapa kwamba nazishuku."

Wafadhili walikuwa wamekwisha kusikia kwamba tofauti ni kubwa, wakafurahi, na mmoja wao alikuwa amekwisha kuomba picha za wazee wakiruka. Mtakwimu aliwaandikia kwamba haijulikani kama mazoezi yanafaa, akaeleza kwa nini. Sista alifungasha mikeka. Siku ya kumuaga, Shangazi na wenzake walimsindikiza hadi barabara kuu, na Mtakwimu alipopita na gari lake hakuna aliyeinua mkono. "Huyo ndiye aliyemfukuza Sista," walisema, wala hawakupunguza sauti. Nilimwambia usoni kwamba amewanyang'anya wazee kitu pekee walichopewa tangu wazeeke. Alisema, "Huenda." Neno hilo liliniudhi kuliko tusi. Nilitaka ajitetee, nipate cha kupinga.

Nilidhani jambo limekwisha, na kwamba nimemjua: mtu anayependa usafi wa mikono yake kuliko magoti ya watu. Sikujua kwamba alikuwa akiandika barua baada ya barua kuomba kazi irudiwe. Baada ya mavuno wafadhili walikubali. Wazee wangepigiwa kura upya, na safari hii kila nyumba ingepewa bangili mbili, moja ya mama mwenye nyumba na moja ya yule anayelima kwa jina lake. Sista angerudi. Sharti lilikuwa moja: anayeingia asiwe amefanya mazoezi yale tangu Sista aondoke, kwa maana huwezi kupima kuanza kwa mtu aliyekwisha kuanza.

Sharti hilo lilifika Genkuru kabla ya gari. Nilikwenda pamoja na Mtakwimu siku ya kuvalisha bangili, na nasema wazi kwamba nilikwenda kumchunga. Nyumba baada ya nyumba aliuliza swali lile lile, na nyumba baada ya nyumba alijibiwa hapana, upesi mno, kama watoto wanaojibu katekisimu. Aliandika alichoambiwa. Niliona uso wake, nikajua kwamba anashuku, na kwamba safari hii hana mchoro wa kumsaidia.

Shangazi alituweka kwenye vigoda viwili vifupi. Robi alisimama mlangoni. Mtakwimu aliitoa bangili, akaishika kiganjani.

"Mama, tangu Sista aondoke, umefanya mazoezi yale?"

Robi alikohoa.

"Nimefanya," Shangazi akasema.

Robi alikohoa tena, kwa kirefu.

"Kila asubuhi. Hapo nyuma ya ghala, wakwe wasinione nikiruka."

Ulikuwa wakati wa uongo mdogo, na hakuna mtu katika ua ule, mimi mwenyewe nikiwemo, ambaye asingeusamehe. Mtakwimu alitazama bangili. Kisha akairudisha mfukoni mwa koti.

"Basi siwezi kukuandika, Mama. Sista atakaporudi hutakuwa kwenye hesabu."

"Nimejua."

"Mama," Robi akasema, "nimekohoa mpaka koo limeniuma."

"Nimekusikia, mke wangu. Mzee huyu alinishuku mara moja. Ya pili hataipata kwangu."

Nilikuwa na maneno makali ulimini, nayo yalikuwa ya haki. Mtakwimu alijishika magotini ili ainuke, aondoke, asisikilize. Hakuinuka. Alijaribu tena, kigoda kilikuwa kifupi, na mizizi ya mama yake haikuwa imefanya kazi asubuhi ile. Tulimtazama. Nami sikumsaidia, kwa makusudi, na sijutii.

Shangazi aliinuka. Hakushika ukuta wala fimbo. Aliinuka tu, kama mtu aliyeitwa, akavuka ua, akampa mkono na kumvuta hadi akasimama.

"Haya," akasema, bado amemshika. "Andika hiyo."

Mtakwimu alikuwa akihema. "Siwezi, Mama. Bangili ilikuwa mfukoni mwangu."

Nilikitazama kidole chake kwenye simu aliyokuwa akirekodia majibu. Nilingoja ateleze, aongeze neno, aonyeshe kwamba yeye naye ni mtu. Alifunga simu bila kugusa kitu. Aliaga, akashukuru kwa uji, akatembea polepole kuelekea kwenye gari, na alipofika kona ya ghala alisimama, akatazama nyuma ya ghala, mahali ambapo majani yalikuwa yamekanyagwa yakawa kiwanja.

Akavua miwani. Kisha, kwa sauti ya chini ya mtu anayeulizia njia asiyotaka kuonekana akiipita, akamuuliza Shangazi, aliyekuwa akitusindikiza, huwa anaanza mazoezi saa ngapi.